Kamera Moja kwa Kazi Mbili: Picha Mnato na Video katika Utafiti wa Lugha Pwani ya Lindi na Kilwa

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza matumizi ya kamera ya DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye lenzi moja na kioo cha kuakisi, katika kazi mbili ambazo zamani zilihitaji vyombo viwili: kupiga picha mnato na kurekodi video. Mifano inatolewa katika ukanda wa pwani ulio kati ya Kilwa na Lindi, hususan Kilangala na vijiji jirani vya Mkoa wa Lindi, ambako Kimwera, Kimachinga na Kimakonde husikika sambamba na Kiswahili. Anayekusudiwa ni mtafiti wa lugha au wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani peke yake au pamoja na msaidizi mmoja, akiwa na kamera moja na fedha za kuhesabu.

Hoja inayojengwa ni kwamba uwezo wa kamera moja kufanya kazi mbili si sawa na uwezo wa kuzifanya kwa wakati mmoja. Kila mara kidole kinapokwenda kwenye kitufe, mtafiti anachagua data atakayokuwa nayo na data atakayoikosa. Uchaguzi huo mara nyingi huachiwa fundi wa picha au huachiwa bahati, ilhali kwa hakika ni uamuzi wa kiisimu. Uzito wake unaonekana zaidi pale ambapo wasimulizi wanaoimudu ngano nzima kwa lugha ya jamii, bila kukimbilia Kiswahili katikati, aghalabu ni wazee. Usimulizi ulioharibika leo huenda usipate msimulizi wa kuurudia mwakani.

Inafaa kutaja kwamba Kiswahili chenyewe kimezitenganisha kazi hizi. Picha *hupigwa*, video *huchukuliwa* au *hurekodiwa*. Kitenzi cha kwanza kinaelekeza kwenye tendo la mara moja, lenye mwanzo na mwisho katika nukta ileile. Vile vya pili vinaelekeza kwenye tendo lenye muda ndani yake. Mtafiti akiishika tofauti hiyo ya wazungumzaji wa kawaida, sehemu kubwa ya yanayofuata hapa chini itamwelea.

2.0 Vyombo Vitatu vya Mwaka 1906

Suala la picha, sinema na sauti si geni katika nchi ya Lindi. Mwaka 1906 Karl Weule, mwanaethnografia wa jumba la makumbusho la Leipzig nchini Ujerumani, alishuka Lindi na kwenda bara hadi Masasi, Newala na uwanda wa juu wa Wamakonde. Wapagazi wake walibeba kamera ya kupigia picha, sinematografu na fonografu ya silinda za nta. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Alice Werner ikafuata mwaka 1909.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia ni jinsi vyombo hivyo vitatu vilivyoligawa tukio moja. Sinematografu ilichukua miguu ya wachezaji lakini haikusikia ngoma. Fonografu ilisikia wimbo, tena kwa dakika mbili tatu tu ambazo silinda ya nta iliweza kubeba, lakini haikuona nani aliimba wala nani aliitikia. Picha mnato ilionyesha nyuso na mavazi kwa uwazi mkubwa kuliko sinema, lakini ikiwa kimya na imesimama. Leo haiwezekani kuunganisha kwa uhakika neno fulani la wimbo na hatua fulani ya mchezo, kwa sababu hapakuwa na uzi wa wakati uliovifunga vyombo hivyo pamoja. Aidha, Weule alisafiri akiwa na askari, Vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa. Waliopigwa picha hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Suala hilo litarudiwa katika sehemu ya sita.

3.0 Namna Kamera Moja Inavyofanya Kazi Mbili

Katika kamera ya DSLR mwanga unaopita kwenye lenzi hukutana kwanza na kioo kilichoinamishwa, ambacho huurusha juu hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Mpiga picha huona kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka, shata hufunguka, na mwanga huifikia sensa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kisha kioo hushuka na jicho huona tena.

Video hubadili utaratibu huo. Kioo huinuliwa na kubaki juu muda wote, shata huachwa wazi, na sensa husomwa mara 24, 25 au 30 kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba kitundu cha kuchungulia huwa giza na mtafiti hulazimika kutazama skrini iliyo nyuma ya kamera. Katika jua la saa sita mchana la Lindi skrini hiyo haionekani vizuri, hivyo ni lazima kuivika kivuli, hata kama ni kwa kanga. Pia mfumo wa fokasi ya haraka unaotegemea kioo huacha kufanya kazi. Kamera nyingi za kundi hili, hasa za miaka ya mwanzo, hutafuta fokasi kwa kusitasita wakati wa video. Ndiyo maana ni salama zaidi kuiweka fokasi kwa mkono kabla ya msimulizi kuanza, na kuiacha hapo.

Kamera ya kwanza ya aina hii kurekodi video ilikuwa Nikon D90, iliyotangazwa Agosti 2008. Ilirekodi vipande visivyozidi dakika tano kwa ubora wake wa juu, na haikuwa na tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje. Mwezi uliofuata ikatangazwa Canon EOS 5D Mark II, yenye video ya ubora wa 1920 kwa 1080, iliyoweza kwenda kama dakika 12 kabla ya faili kufikia gigabaiti 4 na kukatika. Baadhi ya kamera zilizofuata ziliwekewa kikomo cha dakika 29 na sekunde 59, ambacho hakikutokana na ufundi bali na utaratibu wa ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, uliotoza kamera za video tofauti na kamera za picha. Ni ajabu kidogo kwamba ngano ya Kimwera inaweza kukatwa mkia na kanuni ya forodha ya Ulaya, lakini ndivyo ilivyo. Kabla ya safari, mtafiti hana budi kujua kikomo cha kamera yake. Kamera hizi sasa zinapatikana mitumba kwa bei nafuu, kwa kuwa watengenezaji wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Kwa sababu hiyo ndizo zinazoelekea kuwamo mikononi mwa wanafunzi wengi.

4.0 Kipi Kipigwe, Kipi Kirekodiwe

Wapo wanaodhani kwamba tatizo la kuchagua huondoka kwa kurekodi video ya kila kitu, kisha kuchopoa picha mnato ndani yake. Hesabu inakataa. Fremu moja ya video ya 1920 kwa 1080 ina nukta zipatazo milioni mbili, ilhali picha mnato ya Canon iliyotajwa ina nukta milioni 21. Picha iliyochopolewa ni kama moja ya kumi ya ile ambayo ingepigwa. Isitoshe, ili mwendo uonekane laini, video ya fremu 25 kwa sekunde huhitaji shata ya takriban 1/50 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mkono unaosogea huacha ukungu katika kila fremu. Ukungu huo ndio unaofanya mwendo uonekane wa kawaida, nao ndio unaoiharibu picha iliyochopolewa. Picha mnato ya mkono uleule ingehitaji 1/250 au zaidi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, maana ya jambo linalochunguzwa imo katika umbo lake au katika mwendo wake?

Kazi ya kusuka mkeka ni mfano mzuri, maana ina msamiati wa namna zote mbili. Majina ya vitu, kama vile miyaa iliyochanwa, ukili uliosukwa na mapambo ya rangi yaliyomo, yanahitaji picha mnato. Msomaji wa kamusi atataka kuhesabu nyuzi na kuona zinavyopishana, na hapo hata video nzuri haimfai. Lakini vitenzi havimo katika picha hiyo. Tofauti kati ya kuchana, kusuka na kushona ni tofauti ya mwendo wa vidole, na ikiwa lugha ya jamii ina kitenzi maalumu cha kuongeza mwaa mpya pale wa zamani unapokwisha, picha mnato itaonyesha tu mkono ulioshika jani. Hali ni hiyo hiyo katika uvunaji wa ufuta, zao kubwa la Lindi. Miganda iliyosimamishwa ikauke hupigwa picha. Kuigeuza na kuikung'uta juu ya turubai hurekodiwa. Mtafiti wa leksikoni anaweza kujiwekea kanuni nyepesi kwamba nomino ni za picha mnato na vitenzi ni vya video, maadamu akumbuke kuwa kanuni hiyo ina ncha butu.

Ubutu wake unadhihirika kwenye vionyeshi. Mtu akisema kisima kiko kule, neno halijakamilika bila kidole, kidevu au jicho. Uchambuzi mwingi wa vionyeshi vya lugha za Kibantu umetegemea sentensi zilizoandikwa daftarini, na kwa hiyo umeeleza umbali bila kueleza mwelekeo. Video ya mzee akimwelekeza mtoto njia ya shambani, ikichukuliwa kwa lenzi pana inayowaonyesha wote wawili pamoja na njia yenyewe, hutoa data ambayo mahojiano ya ndani ya nyumba hayatoi. Hapo kishawishi cha kutumia lenzi ndefu ili kupata sura nzuri ya mzee ni cha kukataliwa. Lenzi ndefu hupendeza, lakini huufuta ulimwengu ambao kionyeshi kinauonyesha.

Mfano wa pili ni tanakali za sauti. Sarufi ya Kimwera ya Lyndon Harries, iliyochapishwa mwaka 1950, iliandikwa wakati ambapo mtafiti hakuwa na njia rahisi ya kuonyesha mwili wa mzungumzaji. Hata hivyo kila aliyesikiliza hadithi ukandani humo anajua kwamba tanakali haitamkwi tu. Kitu kikianguka, mkono huanguka nacho. Kikipasuka, viganja huachana. Swali la kuvutia ni iwapo ishara hutangulia neno, huenda nalo au hulifuata, na kwa umbali gani wa wakati. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni elfu arubaini za sekunde, yaani 40 kwa 1000, na huo ni ukaribu unaotosha kwa swali hilo. Picha mnato, hata zikipigwa tano kwa sekunde mfululizo, hazitoshi, tena mlio wa shata na kioo huingia ndani ya sauti.

Jambo lingine husahauliwa mara nyingi: hadithi ina watu wawili. Msimulizi huita na hadhira huitika, na mwitikio huo, kicheko, na sauti ya mtoto anayedakia ni sehemu ya matini. Kamera inayomtazama msimulizi peke yake inaigeuza hadithi kuwa hotuba. Ikiwa kamera ni moja, iwekwe pembeni ili imwone msimulizi kwa mshazari pamoja na mstari wa kwanza wa wasikilizaji. Picha za nyuso zipigwe baada ya hadithi. Anayesitisha video katikati ya usimulizi ili apige picha nzuri atakuwa na picha nzuri na ngano yenye tundu.

Kuna mahali ambapo video haina faida kabisa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na maandishi ya makaburini popote pwani, yanahitaji picha mnato kwenye stendi ya miguu mitatu, asubuhi au jioni, wakati jua la upande linapozipa herufi kivuli. Video ya ukuta ni picha mnato mbaya inayokula nafasi ya kadi.

5.0 Sauti

Udhaifu mkubwa wa kamera ya DSLR uko hapa, na kwa mwanaisimu hakuna udhaifu unaouma zaidi. Kamera hizi zilibuniwa na watu wa picha. Maikrofoni iliyomo ndani yake iko mbali na msimulizi, husikia mota ya lenzi na vidole vya mtafiti, na aghalabu hujirekebisha yenyewe: msimulizi akinyamaza, kamera hupandisha usikivu hadi upepo wa minazi na jogoo wa jirani wajae, kisha neno la kwanza linapotoka huushusha ghafla. Uwiano wa nguvu ya sauti kati ya silabi na silabi hupotea. Canon EOS 5D Mark II haikumruhusu mtumiaji kuweka kiwango cha sauti kwa mkono hadi programu yake ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2010.

Lugha za ukanda huu haziruhusu uzembe wa namna hiyo. Kazi ya David Odden ya mwaka 1996 juu ya fonolojia na mofolojia ya Kimatumbi, lugha ya vilima vya Kilwa, imeonyesha mfumo wa toni na urefu wa irabu wenye kanuni nyingi zinazoingiliana. Kimakonde kilichochambuliwa na Peter Kraal mwaka 2005 nacho ni cha toni. Asiyesikia vizuri irabu ndefu na toni ya silabi ya mwisho atakuwa ameandika lugha nyingine.

Njia inayofaa ni kuitenga sauti na picha, kama Weule alivyolazimika kufanya, ila safari hii kwa kuvifunga kwa uzi wa wakati. Kinasa sauti kidogo huwekwa karibu na msimulizi, au maikrofoni hubanwa kwenye nguo yake kwa idhini yake, na kurekodi katika WAV isiyobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Kamera nayo huachwa irekodi sauti yake mbaya, kwa kuwa sauti hiyo ndiyo alama ya kuunganishia. Kabla msimulizi hajaanza, mtafiti hupiga kofi moja mbele ya lenzi. Mwishoni hupiga jingine. Kofi la pili si mapambo: saa za vyombo viwili hazilingani kabisa, na baada ya nusu saa midomo na maneno vinaweza kuachana kwa fremu kadhaa. Bila kofi la mwisho pengo hilo haligunduliki upesi. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, Uholanzi, hupokea faili la video na la sauti kwa pamoja na kuruhusu zisogezwe hadi makofi yakutane. Baada ya hapo unukuzi, tafsiri na maelezo ya ishara huandikwa katika safu zilizofungwa kwenye wakati mmoja.

Mlio wa mikwaju ya ngoma hutaka tahadhari ya ziada, kwa sababu mbili. Kwanza, kiwango cha sauti kiwekwe chini mapema, kwani sauti iliyopasuka haitengenezeki. Pili, sensa ya kamera hizi husomwa mstari kwa mstari kuanzia juu, si yote kwa mkupuo. Kwa hiyo mkwaju unaoshuka kwa kasi huonekana umepinda. Anayechunguza mapigo na azingatie sauti, asizingatie kupinda huko.

6.0 Mwanga, Umeme na Ridhaa

Kuhusu mwanga, maelezo machache yatatosha. Kwa kuwa shata ya video haiwezi kwenda mbali na 1/50, jua kali humlazimisha mtafiti kuliziba tundu la lenzi hadi f/22, hata kwa usikivu wa ISO 100, na hapo ung'avu wa picha huanza kupungua. Kichujio cha kijivu kinachopunguza mwanga mara nane hurudisha tundu kwenye f/8. Asiye na kichujio amketishe msimulizi barazani au chini ya mwembe, mahali ambapo angeketi hata hivyo. Usiku, chini ya taa za umeme, kasi ya 1/50 au 1/100 huzuia michirizi ya kumetameta, maana umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Betri za akiba ni lazima, kwani video huimaliza betri haraka kuliko picha. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, hivyo mfuko wa kamera uwe na vifuko vya kukausha.

Ridhaa inahitaji maelezo marefu zaidi. Kibali cha utafiti na barua ya ofisi ya kijiji humfikisha mtafiti mlangoni tu. Mtu aliyekubali kupigwa picha hajakubali kurekodiwa video. Picha humwonyesha alivyokaa. Video humwonyesha alivyosema, alivyosahau, alivyomteta shemeji yake. Na tatizo la DSLR ni kwamba kwa macho ya anayetazamwa hakuna tofauti: chombo ni kilekile, kimeelekezwa vilevile, na video haina mlio wa shata wa kumjulisha. Yule aliyekuwa mbele ya sinematografu ya Weule angalau aliona mashine ikizungushwa. Hivyo mtafiti ana wajibu wa kutamka, kila mara anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, kwamba sasa anarekodi, na kuuliza upya. Ni adabu kuwaonyesha bibi au babu skrini na kuwachezea dakika chache za mwanzo kabla ya kuendelea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu sura na sauti za watu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi za jamii.

Yapo pia ya kutorekodiwa. Mafunzo ya unyago na jando yana mambo yasiyotakiwa kuonwa na wa jinsia nyingine wala na ambao hawajapitishwa. Mwanamke aliyekubali kuimba wimbo wa unyago mbele ya mtafiti wa kike hajaukubali umma. Katika hali hiyo sauti peke yake, au maneno yaliyoandikwa kwa mkono na kuhakikiwa naye, huweza kuwa ndiyo mipaka, na kamera ikabaki mfukoni bila utafiti kupungukiwa heshima.

Jioni ya siku ileile kadi hunakiliwa kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na majina ya faili huandikwa kwa tarehe, mahali na msimulizi kwa namba ya siri, kwa vile kamera ikishafika namba 9999 huanza upya na faili mbili zinaweza kuwa na jina moja. Nakala za wasimulizi nazo zigawanywe kwa namna mbili. Video huwekwa kwenye simu ya kijana wa nyumba hiyo, huku mtafiti akijua kwamba simu huuzwa na kuibwa. Picha huchapishwa Lindi mjini kwenye karatasi na kurudishwa kwa mkono, jina la msimulizi likiwa limeandikwa nyuma kama yeye mwenyewe alivyolitamka.